Bwana Harusi Aliyeogopa Sinduri

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi cha Mpakani, Birgunj, Nepal. Tarehe 5 Disemba.
Jina: Jaibun Nisha. Umri: miaka 43, au 44, mama hakuandika. Kazi: nauza bangili na sinduri, ule unga mwekundu wa wake wa Kihindu. Makazi: Birgunj, nyuma ya soko la mboga. Elimu: darasa la tatu, la nne lilinishinda.

Mnamo tarehe 2 Disemba, majira ya saa mbili asubuhi, nilikuwa kwenye meza yangu karibu na daraja la kwenda Raksaul, India. Msimu wa harusi huu, biashara imechangamka. Akaja kijana wa koti jipya, ambaye sasa namjua kwa jina la Lalbabu Sah, na binti anaitwa Phulmaya Tamang. Akaniambia nimvalishe mkewe bangili nyekundu, eti wamefunga ndoa jana hekaluni.

Mkono wa binti ulikuwa baridi. Nikamtania, hakucheka, na mimi nikitania hata maiti hucheka. Nikaangalia mwanya wa nywele zake, pale mke anapopakwa sinduri. Mweupe kabisa. Sinduri ya jana haitoki kwa kuoga, afande, na wewe umeolewa unajua.

Nikampa Lalbabu pakiti ya sinduri, nikamwambia shemeji, mpake basi, mimi nashika kioo. Akarudisha mkono kama ameona nge. Akasema atajipaka mwenyewe. Mimi ni Mwislamu, lakini unga huo nimeuuza miaka mingi. Ile ya kwanza huipaka mume, na akishapaka basi, huyo ni mkewe mbele ya miungu yao. Akalipa bila kupatana bei. Hapo ndipo nikaogopa kabisa, maana mabinti huvushwa daraja hili hivi hivi wakauzwe.

Wakapanda gari la farasi, wakavuka. Nikafunika meza, nikakimbilia kwako, Afande Bimala. Ukasema ng'ambo huna mamlaka ya kukamata mtu, ukampigia simu Afande Tiwari wa polisi wa Raksaul, ukamtajia lile koti. Tukavuka nyuma yao.

Tukawakuta stesheni, Tiwari amewazuia, treni ya Delhi inapiga honi. Lalbabu anaonyesha picha ya harusi kwenye simu. Binti mwenyewe akasema huyu ni mume wangu. Tiwari akasema hawezi kumtenga mtu na mkewe kwa maneno ya muuza bangili. Nikamwambia:

"Sawa, afande. Sinduri anayo mfukoni. Ampake hapa hapa, nami nitawaomba radhi na bangili nyingine nitawapa bure."

Abiria wakasogea. Mama mmoja akamwambia mpake baba, aibu ya nini. Lalbabu akachovya kidole. Kidole kikabaki hewani, halafu kikashuka.

"Siwezi," akasema. "Nina mke nyumbani."

Polisi wa nchi mbili aliwadanganya, lakini hilo likamshinda.

Phulmaya akamwambia polepole, "Ulisema tupige picha na niseme tu tumeoana, harusi tutafanya Delhi kwa mama yako."

Kwenye simu ya Lalbabu, Tiwari akakuta mtu wa Delhi anauliza mzigo umefika wapi. Akamtia pingu. Treni ikaondoka bila wao. Phulmaya tukarudi naye daraja lile lile, bangili bado mkononi.

Jana jioni kaka yake Lalbabu alikuja mezani. Akasema bangili ni kioo, mama, huvunjika. Nikamjibu najua, ndiyo maana watu hurudi kununua. Akapindua meza. Leo asubuhi nimeipanga tena palepale. Mahakama ya hapa nitakwenda. Ya ng'ambo ikiniita nitakwenda pia, nauli ya farasi ninayo.

Niliyoyaona ndiyo haya niliyoyasema, na nikiulizwa tena nitayasema hivi hivi.

Alama ya dole gumba: Jaibun Nisha

Maelezo yamechukuliwa nami, Inspekta Bimala Thakuri. Nimemsomea kwa Kibhojpuri, amekubali ni sahihi. Nakala inakwenda kwa Afande Tiwari, Raksaul. Nimemshauri shahidi ahamishe meza mpaka kesi iishe, amekataa. Kuanzia leo nimeweka askari mmoja karibu na meza hiyo. Shahidi ameshamuuzia bangili za mkewe.