Nilimfukuza Binti Yangu kwa Sababu ya Filamu, Sasa Nimeiona Kazi Yake

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu za mtu ambaye mguu wake wa kulia umefungwa plasta mpaka gotini na ambaye anaandika juu ya ubao wa kukatia nguo, kwa hiyo mwandiko ukiyumba univumilie, nakuomba unisaidie kabla sijaharibu jambo lile lile mara ya pili.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, nina miaka hamsini na tisa na watoto wawili, wa kike ndiye mkubwa. Mpaka wiki sita zilizopita sikuwa nimewahi kukaa nikaangalia filamu tangu mwanzo hadi mwisho, na si kwamba nilikosa nafasi, nilikataa, maana kichwani mwangu filamu zilikuwa ni watu wazima wanaolia machozi ya uongo ili watu wazima wengine waache kazi zao wawatazame, na kila aliyenibishia nilimwambia aniletee suruali yake iliyochanika kwanza ndipo tuzungumze.

Basi nikateleza kwenye kizingiti cha duka langu nikiwa na jora la kitambaa begani, mguu ukavunjika mahali pawili, daktari akasema wiki nane bila kuukanyagia. Mke wa mwanangu, mwalimu wa chekechea ambaye tunamwita Kimya kwa sababu maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu, akawa anakuja mchana akitoka kazini kunipikia, na siku ya nne akanikuta nimefumua sweta zima ili mikono ipate cha kufanya. Kesho yake akaja na kompyuta, akaiweka juu ya kigoda, akasema, “Mama, ni saa moja na nusu tu. Ikikuudhi, fumba macho.”

Mshauri, sikufumba. Ya kwanza ilikuwa ya mzee mwoka mikate ambaye macho yanamwishia na hataki wateja wajue, na yule mwigizaji alivyokuwa anapapasa sinia zake, akigusa ukingo kwanza ndipo anaweka mkate, nilimjua kabisa, ni mtu anayeficha kitu ndani ya kazi yake, nami nimefanya hivyo tangu kidole gumba changu kilipoanza kuuma. Ilipokwisha nilimuuliza Kimya kama mzee yule ni kipofu kweli, akasema hapana, anaendesha gari vizuri tu, nikakaa nikiwaza mtu anajifunza wapi kitu kama kile. Ya pili ilikuwa ya vita, na hiyo sikuipenda yote, maana askari wamekaa msituni wiki tatu na suruali zao bado zina mstari wa pasi, nikasema kwa sauti kwamba aliyewavisha hajawahi kufua, lakini kuna mama mmoja ndani yake anayesubiri barua, hasemi neno, anafagia uwanja ule ule kila asubuhi, na nilipokuja kustukia nilikuwa nimeshalilowesha shuka. Ikawa kila mchana moja. Nyingine nilizisahau jioni yake, lakini nyingi nilizistaajabia, niseme ukweli, nilijiona mtu aliyeishi miaka yote katika nyumba yenye chumba asichokifungua.

Sasa ndipo inakuja ya wiki iliyopita. Ni ya mkunga wa zamani anayetembea kijiji hadi kijiji, na filamu nzima, miaka ishirini ya maisha yake, ana gauni moja tu. Gauni lile linazeeka naye. Linachanika begani, mume analitia kiraka kibovu cha mtu asiyejua sindano, mume anakufa, kiraka kinabaki, baadaye binti yake mdogo anashona pindo kwa uzi wa rangi nyingine, na mwisho mkunga mwenyewe anakaa mlangoni analishona mkono uliochanika. Hakuna mtu anayelizungumzia. Ukilifuata gauni tu bila kusikiliza neno, hadithi nzima umeipata. Nimeshona miaka thelathini na sita na sijawahi kuona nguo iliyofikiriwa namna ile.

Halafu wakausogeza ule mshono wa mwisho karibu, nikamwambia Kimya asimamishe picha. Ulikuwa uzi wa mara mbili, hatua mbili mbele, moja nyuma, kisha fundo dogo linalofichwa upande wa ndani. Huo mshono ni wangu. Sikufundishwa na mtu, niliubuni kwa sababu ya hiki kidole gumba, na nimemfundisha mtu mmoja tu duniani.

Kimya akasema, “Subiri majina, mama.” Yakaja mengi, akaweka kidole kwenye kioo, palipoandikwa Mavazi, na mbele yake jina la binti yangu.

Nikamuuliza, “Ulijua?”

Akasema, “Ndiyo. Nilikuwa nakuandaa.”

Mshauri, miaka tisa iliyopita binti yangu aliniambia amepata kazi ya kushonea watu wa filamu. Mimi nilikuwa nimeshamwita mchora vibao, kibao cha duka kimeshaandikwa “Mama na Binti”, rangi haijakauka vizuri. Nikamwambia, ukitoka mlango huu kwenda kuwashonea waigizaji, usirudi kuniita mama. Akasimama pale na mkanda wa kupimia shingoni, akauvua, akaukunja, akauweka mezani, akatoka. Wiki hiyo hiyo nilipanda ngazi mwenyewe nikalifuta neno “Binti” kwa rangi ya bluu. Aliniandikia mara mbili, sikujibu. Ya tatu hakuandika.

Namba yake ninayo, Kimya amenipa. Mwanangu anasema, “Mama, usimchokoze, alichukua muda mrefu kupona.” Mkewe anasema nipige. Mimi naogopa atadhani nimekuja kwa kuwa sasa jina lake linaandikwa kwenye vioo, na isitoshe sijui niseme nini, jana nilifanya mazoezi peke yangu nikajikuta nazungumzia kola ya daktari mmoja kwenye filamu yake, ambayo kwa kweli imekaa upande. Je, nipige au nimwache mtoto wa watu na amani yake? Namba yangu nimeiandika nyuma ya karatasi.

Ni mimi, fundi aliyevunjika mguu.

JIBU LA MSHAURI

Mama fundi, pole kwa mguu. Hiyo ndiyo pole yote utakayopata kwangu kwa sasa, kwa sababu barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimekukasirikia nikakupenda kwa pamoja, na hasira ndiyo iliyotangulia.

Umeandika “mtoto wa watu”. Ni mtoto wako. Ukianza kumwita hivyo unajitengenezea njia ya kukimbia, nami naifunga hapa.

Pili, acha kuzisingizia filamu. Ulikuwa huzijui, kwa hiyo hukuweza kuzichukia. Kilichokuuma ni kibao. Ulimpangia binti yako maisha, ukaita mchora vibao kabla hujamuuliza mwenyewe, na alipokuja na mipango yake ukaona umeaibishwa mbele ya mtaa mzima. Kisha ukapanda ngazi ukafuta jina lake mchana kweupe ambapo kila mpita njia anakuona. Yeye alikunja mkanda vizuri akauweka mezani. Kati yenu wawili, siku ile mtu mzima alikuwa yeye.

Lakini sikia na hili. Nimepokea barua nyingi za wazazi wanaotaka kurudiana na watoto, na karibu zote zinaeleza jinsi mzazi anavyoteseka. Yako imeeleza gauni. Umeieleza kazi ya binti yako kwa namna ambayo mimi, nisiyejua hata kuweka kifungo, nimetamani kulitazama. Mtu aliyefikiria nguo hiyo amengoja miaka yote aonwe na jicho linalojua, na jicho hilo ni lako. Unaogopa atadhani umefuata jina lake. Jina uliliona mwisho, mama. Kwanza uliuona mkono wake.

Mwanao ana haki ya kumwonea huruma dada yake, na maneno yake uyabebe, yatakufanya uende polepole. Hata hivyo asiyetaka kuchokozwa atasema mwenyewe, hasemewi na kaka.

Sasa fanya hivi. Piga asubuhi, wewe mwenyewe, usimtume Kimya, ameshafanya kazi yake na kazi yenu pia. Anza na kosa, na ulitaje lilivyo: nilikufukuza, nikafuta jina lako, sikujibu barua zako, nilikosea. Usiweke “lakini” hata moja. Usiseme ulikuwa na uchungu, usiutaje mguu, usimwambie kwamba umemsamehe, hana alichokukosea. Kisha mwambie kuhusu gauni kama ulivyoniambia mimi, kiraka cha mume, pindo la mtoto, mshono wa mlangoni. Kisha nyamaza. Hapo ndipo patakuwa pagumu, kwa sababu atakaa kimya na wewe utataka kuujaza ule ukimya. Usiujaze. Na kola ya daktari, mama, hiyo utaizungumzia siku atakayokuuliza, na asipouliza utakufa nayo.

Akikata simu, hutakuwa umepoteza kitu ambacho hukuwa umeshakitupa. Subiri mwezi, umwandikie kwa mkono, na safari hii wewe ndiye utakayeandika mara tatu.

Kuhusu kuangalia filamu katika umri wako, endelea. Hakuna aliyekupangia umri wa kushangaa.

NYONGEZA

Jambo hili halikustahili kungoja gazeti, nikampigia mama huyu nikamsomea jibu kwenye simu. Alisikiliza, akasema “nimesikia”, akakata. Siku tano baadaye akanipigia yeye.

Alikuwa amesema yote kama tulivyopanga, kisha akanyamaza. Anasema alihesabu miguno ya jirani akipanga masanduku, akafika kumi na mbili, ndipo binti akauliza, “Nani amekwambia kuhusu kiraka cha mume?”

“Hakuna. Nimekiona.”

“Mwongozaji wa filamu mwenyewe alisema hakuna atakayekiona.”

“Kimeshonwa na mtu anayevuta uzi kama anafunga mbuzi. Ulikishona kwa mkono wa kushoto?”

“Ndiyo,” akasema. Alilia, mama naye akalia, hakuna aliyemtuliza mwenzake. Baadaye binti alisema wazi kwamba bado ana hasira, na kwamba haitaisha kwa simu moja. Mama akajibu kwamba anajua. Kabla ya kuagana akaambiwa kwamba Alhamisi ijayo mchana kazi mpya ya binti inaonyeshwa kwa wale walioitengeneza, kila mmoja ana haki ya kuleta mgeni mmoja, na ukumbi hauna ngazi, ingawa mguu mama hakuwa ameutaja.

Plasta inatoka Jumatatu. Sasa mama ananiuliza avae nini, kwa sababu ukumbi mzima utakuwa na watu wanaojua nguo.

Hilo sijibu. Fundi ni wewe, mama. Vaa, uende, na uwahi.