Jina la Babu Yake Upendo

Mwalimu Aikande,

Chumba cha kompyuta kimefunguliwa Jumatatu. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, mlinzi akalipaka mafuta ya kupikia ndipo likakubali. Vitambaa alivyofuma mama yako vilikuwa bado juu ya mashine zote tatu, vyekundu kwa vumbi. Nimevifua mwenyewe. Mke wangu alitaka kunisaidia nikamkatalia, naye hakuuliza kwa nini.

Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike Machame, kwenye migomba ya baba yako. Siku ile niliombwa niseme neno kwa niaba ya walimu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilisema ulikuwa mchapakazi, mpole, mpenda watoto. Watu waliitikia. Kila nililosema lilikuwa kweli, na bado niliondoka pale kama mtu aliyesema uongo, kwa sababu jambo moja nililopaswa kulisema nilirudi nalo Arusha. Sasa nimelisema. Ndiyo sababu ya barua hii.

Unakumbuka mashine zilipokuja? "Mitumba," ulisema, "kama mashati yetu." Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia nchini. Viwanda nilivyovijua vilikuwa vimefungwa, na kuta zake zikachorwa matangazo ya simu za mkononi. Mimi nilikuwa nimestaafu, nimebakizwa shuleni kutunza maktaba ya makabati mawili. Ukaweka amri kwamba kila anayeingia chumbani kwako avue viatu, na watoto wanawe miguu bombani kwanza, kwa ajili ya vumbi la Moshono. Siku niliyovua mimi, uliangalia chini ukasema, "Mwalimu Kaaya, kidole chako kinawasalimu watoto." Soksi ilikuwa na tundu. Darasa zima likacheka. Nilipogonga herufi kama nilivyozoea kwenye taipureta, ukasema tena, taratibu, "Usiigombeze. Haijakosa."

Nilikupenda kama binti yangu, na tuligombana karibu kila wiki kwa sababu ya ile karatasi ya manila uliyobandika ukutani. *Mtandaoni usitaje jina lako kamili. Usiseme unapoishi. Usiyemwona akikuuliza, mwite mwalimu.*

Nilikuambia unawafundisha watoto kujificha. Nawe ulijua kwa nini linaniuma, maana nilishakusimulia.

Nilikuwa na miaka minane serikali ya wakoloni ilipotuhamisha kwetu, upande wa mashariki wa mlima Meru. Nakumbuka malori, ng'ombe, na moshi nyuma yetu. Mdogo wangu alipotea katika msafara ule. Siku ya tatu mama mmoja tusiyemjua alimleta, amemshika mkono. Mtoto wa miaka mitano aliweza kumwambia jina lake, la baba, la babu, la ukoo, na kwamba nyumba yetu iko juu ya mfereji, penye mti mkubwa wa mringaringa. Nyumba ilikuwa imeshachomwa. Lakini jina la babu lilimrudisha kwa mama. Baadaye wengine walirudi kwenye ardhi yao. Sisi tulikuta yetu ina mtu mwingine, nami nimeishi huku na kule, Kaloleni chumba cha kupanga, Olasiti, sasa Moshono, hadi nimezeeka. Katika maisha yangu yote ya ualimu sikumruhusu mtoto amalize darasa la pili kabla hajaweza kusimama na kusema yeye ni wa nani na njia ya kwao inapita wapi.

Ulinisikiliza, kisha ukasema, "Lakini yule mama alikuwa amemshika mkono, Mwalimu. Huku hakuna mkono." Halafu ukaniuliza, "Kwenu mgeni akibisha hodi, nani anajitaja kwanza, mgeni au mwenye nyumba?"

"Mgeni, bila shaka," nilisema.

"Haya," ukasema, ukaenda zako bombani. Nilidhani umeshindwa hoja.

Ile barua pepe ya kwanza ilikuja ukiwa kliniki Mount Meru kwa ajili ya figo zako. Mimi ndiye nilikuwa nimekushikia darasa. Mtu alijitambulisha kuwa ni mwalimu mstaafu wa Dodoma, anapenda kusoma insha za watoto, na anaomba wamwelezee makwao. Sikia jambo la aibu, Aikande. Kilichonishinda ni Kiswahili chake. Hakuna kosa hata moja, nukta na mkato kila mahali panapostahili. Nikajiambia kwamba mtu anayeandika hivi amelelewa.

Nikamchagua Upendo wa darasa la tano, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akijitaja vizuri kuliko wote. Alisita. Aliitazama ile karatasi ukutani akaniambia, "Mwalimu Aikande amekataza." Nikamjibu kwamba huyu ni mzee, ni mwalimu, na mzee akikuuliza huwezi kumnyima jibu. Basi akaandika. Jina lake, la baba, la babu. Kutoka kanisani unapanda, unapita mikaratusi, nyumba ya tatu, mlango wa buluu, mama hurudi kutoka sokoni jua likizama. Nilisimama nyuma yake nikisahihisha. Alikuwa ameandika "marehemu" mbele ya jina la babu yake nikamwambia alitoe, kwa sababu katika kujitaja hatuwatengi waliokufa. Nilikuwa najivunia ile insha.

Wiki ya tatu tangu tuitume, mwanamume akaja getini mchana. Alimwambia mlinzi ametumwa na babu yake Upendo kumchukua mtoto, akamtaja babu kwa majina yote mawili. Mlinzi angemzuiaje mtu anayeujua ukoo? Akamwita mtoto. Ulikuwa bombani ukiwaosha watoto wa darasa la kwanza miguu, mikono imejaa povu. Ulimshika Upendo bega ukamuuliza yule mtu, kwa adabu kabisa, "Mzee mwenyewe amekutuma lini?"

"Leo asubuhi," akasema.

Babu yule alikuwa amekufa kabla Upendo hajaanza shule, nawe ulijua hilo. Ulipiga kelele, mlinzi akamkimbilia, yule mtu akarukia pikipiki iliyokuwa inamngoja barabarani. Polisi waliandika maelezo. Hatujajua alikuwa nani mpaka leo.

Na kile kikao cha wazazi. Mama yake Upendo alisimama. "Mtu kaja anamtaja baba mkwe wangu kaburini. Jina kalipata wapi?" Mwenyekiti akasema alijua tangu mwanzo kwamba mashine hizi zitatuletea balaa. Kisha wote wakakugeukia. Wewe ulikuwa umeshaisoma ile insha. Uliujua mkono wangu ndani yake kwa ile mikato. Ulinitazama mara moja tu, si kwa hasira. Ulikuwa unaningoja.

Nikaangalia viatu vyangu.

Ukasema, "Chumba ni changu. Aliyepaswa kulinda ni mimi." Wakafunga chumba siku hiyo hiyo. Hukuniuliza kitu. Ulipolazwa nilikuletea mtori, ukanywa vijiko viwili, ukaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye wa kusema, si mimi wa kukusemea." Nilikuahidi nitasema ukipona.

Hukupona.

Ningeweza kufa nalo, nakiri. Lililonitoa pale ni Upendo. Mwezi uliopita mchungaji alitembelea shule, akapita akiwasalimia watoto, akamuuliza jina lake. Upendo alinyamaza. Mchungaji akacheka, akauliza tena. Mtoto akaangalia chini kama mimi siku ile. Yule yule aliyekuwa akisimama na kuwataja watu wake bila kumeza mate. Nikamwita maktaba. Mwishowe alisema, kwa sauti ndogo sana, kwamba yeye ndiye aliyeandika, wakamfukuza Mwalimu Aikande chumbani kwake, Mwalimu akaumia moyo, akafa.

Mwanangu, mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba mzigo wangu kwa miezi yote ile.

Jumamosi iliyofuata niliomba nafasi kwenye kikao cha wazazi. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri nikayaacha mfukoni. Nilisema: mtoto alikataa, mimi nikamlazimisha. Mwalimu Aikande alikataza na hakuwepo. Nilijua, nikanyamaza, naye akafa na lawama yangu. Mwenyekiti alivua miwani. Mama yake Upendo akasema, "Mwalimu, ulinifundisha hata mimi," akachukua mkoba wake akatoka. Hajanisalimia tangu siku hiyo. Sidai anisamehe. Lakini Jumatatu asubuhi alimleta mtoto mwenyewe mpaka mlangoni pa chumba chako, akamvua viatu.

Wameniruhusu kukaa darasani na yule kijana mpya anayefundisha, kwa sharti kwamba nisiguse mashine. Ni sharti la haki. Karatasi yako iko pale pale. Kijana aliniomba niwaeleze watoto lililotokea, nami nikaona maneno hayatoshi. Nikachukua kitambaa kimoja cha mama yako, kikiwa bado kina harufu ya sabuni, nikajifunika uso, nikakaa nyuma ya mashine ya katikati. Wakacheka sana. Nikasema kwa sauti ya upole, "Hujambo binti. Mimi ni mzee mwenzake babu yako. Unaitwa nani, na kwenu ni wapi?"

Vicheko vikaisha. Nilikuwa sioni kitu, nyuzi tu na mwanga. Kisha nikasikia sauti niliyoikosa mwaka mzima.

"Shikamoo," alisema Upendo. "Anza wewe."

Marahaba, nikaitikia. Ikanibidi nianze. Nikataja jina langu, la baba, la babu, la ukoo. Nikasema kwetu ni upande wa mashariki wa mlima, unafuata mfereji, unapanda hadi penye mringaringa mkubwa. Hapo nikakwama.

"Halafu?" akauliza.

Halafu hakuna, Aikande. Njia yangu inaishia kwenye mti ambao sijui kama bado umesimama. Nilibaki chini ya kile kitambaa, nikishukuru kwamba nimefunikwa. Nikamwambia, "Halafu sijui, mjukuu wangu."

Nikasikia miguu mitupu sakafuni. Akakiinua kitambaa, akanitazama usoni kwa muda, kama mtu anayesoma. Kisha akasema jina lake. La baba yake. Na la babu yake, akitanguliza "marehemu". Njia ya kwao hakuitaja, nami sikumuuliza.

Sasa nenda ukapumzike, mwalimu wangu. Nakuahidi jambo moja, nalo nimeshamwambia mke wangu ili nisiweze kulikimbia. Desemba, watu wa Machame watakapopanda kwenda kula sikukuu makwao, nitapanda nao. Nitasimama pale pale nilipopewa neno siku ya mazishi, mbele ya mama yako na majirani, nijitaje kwanza kama impasavyo mgeni, kisha niseme lile nililorudi nalo.

Mimi mwanafunzi wako,
Kaaya