Baiskeli ya Marehemu Baba Yako Imepata Bei Yake

Nyumba ya milango ya buluu,
Mtaa wa Fahadan,
Yazd.

17 Mehr 1396

Mpwa wangu mpendwa Mahrokh,

Kwanza ujue kwamba anayekuandikia ni mtu asiye na nafasi hata ya kujikuna. Katika Yazd yote hii, mji wenye baiskeli nyingi kuliko paka, hakuna baiskeli kuukuu inayohama mikono kabla mjomba wako Heshmat hajaulizwa. Mwaka juzi mkubwa mmoja wa mkoa, jina lake namhifadhia, alituma watu watatu wenye suti waje waniulize kama baiskeli ya babu yake ni ya kuuza au ya kuweka. Nikawaambia waweke. Wakaweka. Mpaka leo wanaleta shukrani.

Basi pokea salamu zangu, nyingi kama punje za komamanga msimu huu. U mzima? Kile kifua kilichokushika na baridi ya Malmö kimekuachia? Mumeo Behrang hajambo, na mgongo wake? Unakula chakula cha moto, au bado mnatafuna ile mikate yao inayovunja meno? Sisi hatujambo. Mimi goti tu ndilo linanisumbua, ila daktari mwenyewe ameniambia hajawahi kuona goti lenye nguvu namna hii likiuma.

Sasa tuje kwenye lile uliloniagiza. Uliniomba niitazame baiskeli ya marehemu baba yako, nijue thamani yake ya kweli, niiuze bila kupunjwa, ili mama yako apate vile vifaa vya masikio. Najua lilivyokukaa rohoni. Najua ile siku ulipopiga simu kumwambia umefaulu mtihani wa uuguzi, naye akakujibu, "Pole mwanangu, kitapona." Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Alipokata simu akaniuliza mimi, "Mahrokh anaumwa nini?" Nikapiga kelele mpaka mshipa wa shingo ukasimama, hakusikia. Kwa hiyo usidhani nililichukulia kimchezo.

Baiskeli ilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya pistachio. Nikaitoa, nikaipangusa. Ni ile ile ya Kiingereza, magurudumu ya inchi ishirini na nane, breki za vyuma virefu badala ya nyaya, mnyororo umefungiwa ndani ya boksi lake la bati, taa na dinamo yake. Kiti cha ngozi bado kina umbo la baba yako, Mungu amrehemu, miaka thelathini ya kwenda kufundisha hesabu na kurudi. Rangi nyeusi imechubuka hapa na pale, mistari ya dhahabu imefifia. Nikasema hii tuipige rangi mpya ing'ae kama sahani ya harusi, bei ipande.

Nikaipeleka kwa Fundi Nosrat, yule wa kichochoro cha nyuma ya soko, ili aipige rangi tu. Fundi akaiona, akaacha chai yake. Nilipotaja rangi akaokota pampu kama anataka kunipiga nayo.

"Heshmat, una akili wewe? Ukiipaka rangi umeua nusu ya bei!"

"Imechubuka, ustaadh."

"Ndiyo uzuri wake! Mwenye kukusanya hizi anataka michubuko ya baiskeli yenyewe, siyo rangi ya jana. Baiskeli iliyopakwa rangi ni kama bibi kizee aliyejipodoa, kila mtu anajiuliza anaficha nini."

Kisha akaigeuza magurudumu juu. Akasoma namba iliyogongwa chini ya kiti. Akaigonga fremu kwa ukucha kila kiungo, akisikiliza kama daktari wa kifua, maana palipochomelewa upya hulia kwa sauti nzito. Akatazama kama taa, kengele na pedeli ni za kuzaliwa nazo au za kuokoteza. Zote za kuzaliwa nazo. Baba yako hakuwahi kubadilisha hata skrubu. Fundi akasema, "Milioni tatu na nusu za tomani. Chini ya tatu usimuuzie hata ndugu yako." Ndiyo hesabu niliyokuwa nayo mimi kichwani, sema nilitaka aitaje yeye, asijisikie vibaya.

Nikamrudia mama yako, nikamwandikia kwenye karatasi: 3,500,000. Akaibusu karatasi, akaiweka kifuani.

Mnunuzi alikuja Alhamisi kutoka Tehran na pikapu, kijana mwenye nywele ndefu kama za dervishi, anaitwa Sotudeh. Tukamkaribisha, chai, qottab zetu za lozi, tikitimaji. Akaizunguka baiskeli mara tatu bila kupumua. Akapiga magoti, akaisoma namba, akaigonga kwa ukucha vile vile kama Nosrat. Nikajua huyu anajua. Akasimama, macho yanang'aa, akaniuliza, "Agha Heshmat, mnasemaje? Bei gani?"

Mahrokh, wewe ni mtoto wa nyumba hii. Ungesema nini? Nikasema kama mtu yeyote aliyelelewa: "Bei ya nini, mwanangu? Haina thamani mbele yako. Ni yako, ichukue."

Zamu ilikuwa yake sasa. Aseme haiwezekani, wallahi, taja. Mimi nikatae tena, yeye abembeleze, nikatae mara ya tatu, ndipo niitaje milioni tatu na nusu huku nikitazama chini kwa haya. Hata mtoto wa miaka sita wa mtaani kwetu anajua.

Yule kijana akaweka mkono kifuani. "Kweli? Mungu akuzidishie! Sijawahi kuona watu wakarimu kama hawa!" Akanibusu mashavu yote mawili, akaibeba baiskeli mabegani, huyo, kwenye pikapu.

Ningefanyaje? Nimkimbilie mgeni nimwambie nilikuwa naongea tu? Uso wangu ningeuweka wapi? Nikasimama mlangoni, natabasamu, huku moyoni naona masikio ya dada yangu yanafungwa kamba na kupelekwa Tehran. Nakwambia kweli, ubongo wangu ulishaanza kupanga mipango mikubwa, na dakika moja zaidi ningemrukia kama simba.

Lakini mama yako akatoka jikoni. Hakuwa amesikia neno hata moja, si langu wala la mgeni. Alichoona ni baiskeli ya mumewe inafungwa kamba kwenye gari. Akafurahi. Akaenda moja kwa moja kwa kijana, mkono mmoja kashika pampu ya zamani, mkono wa pili karatasi yangu ameinyoosha mbele ya pua yake, na akapaza ile sauti yake ya siku hizi ambayo majirani wote wanaijua:

"Hii pampu ni yake, usiisahau! Na hizo milioni tatu na nusu unatoa taslimu au kwenye kadi?"

Sotudeh akageuka mwekundu kama komamanga. Akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Haji khanum, mzee amesema ni zawadi..."

"Eeh?" akasema mama yako.

"Amesema niichukue tu!"

"Kadi? Haya, kadi!"

Kumbe kijana amekulia Toronto, ana mwaka mmoja tu tangu arudi. Akaanza kujipiga paji la uso. "Ndiyo maana mama yangu ananiambia nisiende kununua kitu peke yangu! Tayari nimeshachukua zulia la mtu Kashan!" Akaomba radhi mpaka nikachoka mimi. Akatoa simu, akatuma fedha zote hapo hapo, bila kuomba kupunguziwa, na akasema kwa namba ile na rangi ile, bei ni ya haki kabisa. Ndipo nikapumua, mwanangu. Nikakaa kwenye ngazi.

Jumapili tulikwenda kuvaa vifaa. Yule binti wa kliniki alipoviwasha, mama yako akashtuka, akauliza, "Nani anavuta karatasi?" Ilikuwa chador yake mwenyewe, kitambaa kinamchakaria masikioni. Nyumbani akasimama mbele ya friji akaisikiliza muda mrefu, akasema, "Maskini, inalalamika hivi miaka yote?" Kisha akakaa karibu na simu, na ingawa anajua huwa unapiga Ijumaa, hataki kuhama pale.

Barua hii anakuja nayo binti wa jirani yetu Mahin, anapanda ndege kesho, pamoja na kopo la qottab. Nataka ikufikie kabla ya Ijumaa. Mke wangu Effat anakusalimu sana, na Fundi Nosrat anasema hongera ya uuguzi. Msalimie Behrang. Mungu awape afya na mlango usiofungwa, na ausikilizishe moyo wa mama yako habari njema tu.

Kwa nini kabla ya Ijumaa? Kwa sababu jana Nosrat alipita hapa, tukawa tunaongea mlangoni kwa sauti ya kawaida, kama tulivyozoea nyumba hii miaka kumi, na mama yako alikuwa jikoni, na jikoni sasa kunasikika. Amecheka mpaka akavitoa vifaa akavishika mkononi ili apumzike. Atakwambia, najua, neno la kwanza. Afadhali ulisikie kwangu. Siku ile ya kwenda kwa Nosrat niliikokota ile baiskeli kwa miguu njia nzima, juani, na siyo kwa kuiheshimu. Nina miaka hamsini na minne, Mahrokh, na sijui kuendesha baiskeli.

Mjomba wako asiyekuchoka kwa mapenzi,
Heshmatollah