Mbegu Ambazo Bado Ni Mbichi

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Kuna jambo nimekuficha, na mwili huu umechoka kulificha. Bibi yako anakusalimu, ng'ombe amezaa. Umeuliza tena kama mbegu za maua zimekauka, ili nimpe dereva wa basi akuletee.

Nilipokuwa mwalimu kijana kule Mogitu, mama yangu alinitumia salamu kutoka Endagikot: mbegu zangu za maua bado mbichi, nizifuate mwenyewe baada ya mavuno. Nikamwandikia namna ya kuzianika kivulini. Nilipofika, akacheka: "Karibu, mtaalamu wa kukausha!" Mbegu zilikuwa kavu kabisa. Alikuwa amenikumbuka tu.

Nami kila mwaka nakuandikia kwamba bado ni mbichi. Neema, mbegu zako zilikauka tungali Mkoa wa Arusha, miaka mingi kabla mkoa huo haujagawanywa.