KIKAO CHA DHARURA KUHUSU BAHASHA ILIYORUDISHWA

UMOJA WA FAMILIA ZA ASKARI WA MTAA
Kikao Na. 9, Jumamosi, tarehe 11, mwezi wa saba wa vita
Mahali: Darasa la Pili, shule ya msingi
Kuanza: saa 9:20 alasiri

Waliohudhuria:
Muuguzi mstaafu, bibi wa askari – Mwenyekiti
Mwalimu wa Darasa la Pili, mke wa askari – Katibu
Fundi Cherehani, baba wa askari – Mjumbe
Mama Pacha, mama wa askari wawili – Mjumbe
Kinyozi, maarufu kama Bwana Hoja, mdogo wa askari – Mjumbe

Hakuhudhuria:
Mke wa Fundi – Mjumbe. Hakuarifiwa, kwa ombi la mumewe.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao bila salamu ndefu. Bwana Hoja alilalamika kwamba madawati ni ya watoto na magoti yanamgusa kidevu. Mwenyekiti alimjibu kwamba anaweza kukaa au kusimama, ila anyamaze. Alikaa.

KUMB. NA. 2/9: BAHASHA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba posta ya jeshi hupokea bahasha moja tu kwa wiki kutoka kila mtaa. Kwa hiyo barua za familia zetu zote hufungwa pamoja, huandikwa jina la askari mmoja, naye huwagawia wenzake, maana wote wamo kikosi kimoja. Tangu mwanzo jina limekuwa la mtoto wa Fundi.

Alieleza kwamba jana bahasha ilirudi bila kufunguliwa, imegongwa muhuri mwekundu: MPOKEAJI HAKUPATIKANA. Iliwekwa juu ya meza ya mwalimu. Hakuna mjumbe aliyeisogelea.

Bwana Hoja alisema huenda kikosi kimehamishwa, na makarani wa posta ni wavivu kupindukia. Mama Pacha alisema kikosi kikihamishwa muhuri husema hivyo. Aliuona kwa dada yake. Mwenyekiti aliuliza nani amepata barua katika wiki tano zilizopita. Hakuna aliyeinua mkono. Katibu naye hakuinua wake.

Mama Pacha aliomba maneno yake yaandikwe yalivyo: "Haya, huyo mmoja hakupatikana. Na wenzake je? Wote hao, hata mmoja hakuwepo wa kusema lete, nitapokea mimi?"

Hilo ndilo lililokuwa likitukosesha usingizi tangu jana, ila hakuna aliyethubutu kulitamka.

KUMB. NA. 3/9: LAWAMA
Bwana Hoja alidai kwamba katika kikao cha kwanza alitaka bahasha iandikwe jina la kaka yake, lakini Fundi aling'ang'ania la mwanawe, eti ana cheo. Fundi alimjibu: "Ulilitaka? Chukua basi. Andika la kaka yako leo." Bwana Hoja aliondoa hoja yake.

Mwenyekiti alimuuliza Fundi kwa nini mkewe amefichwa. Fundi alieleza kwamba kila wiki mkewe hufua shuka za kijana, ingawa hakuna anayezilalia. "Nitaanzia wapi, Mama?" aliuliza. Mwenyekiti, aliyefanya kazi wodini miaka thelathini na moja, alisema asimwache mkewe asikie kwa majirani. Fundi alikubali kumwambia leo kabla ya magharibi.

KUMB. NA. 4/9: OMBI LA FUNDI
Fundi aliomba bahasha ifunguliwe atoe barua yake. Ilifunguliwa. Bila kuulizwa, alieleza kwamba mwanawe alikuwa amemwandikia kwamba anaogopa na anataka kurudi. "Nikamwambia aache utoto, asinitie aibu. Afadhali hakuisoma. Jamani, afadhali hakuisoma." Alilia. Barua ilichanwa kwa idhini ya wajumbe wote.

KUMB. NA. 5/9: JINA JIPYA
Mwenyekiti alieleza kwamba bahasha mpya inatakiwa posta Jumatatu asubuhi, akaomba jina. Mama Pacha alisema ana wawili na hawezi kuchagua, na tusimtazame. Bwana Hoja alisema mama yao, yeye na kaka yake, ana presha. Mwenyekiti mwenyewe alisema hana mwingine ila huyo mjukuu, halafu akaona haya.

Ieleweke kwamba hakuna mjumbe anayeamini jina kwenye karatasi linaua mtu. Ila familia ya atakayeandikwa ndiyo itakayojibiwa, na jibu ndilo tunaloliogopa. Fundi alisema kwa sauti ya chini kwamba basi liandikwe tena la mwanawe. Mama Pacha alimshika bega, akasema bahasha itarudi tena.

Katibu alitoa jina la mumewe.

Katibu alielekezwa aandike anwani. Aliishia herufi ya pili. Fundi alichukua kalamu akaandika yeye, polepole, kwa herufi kubwa, akimwomba Katibu amtajie namba ya kikosi ingawa anaijua kwa moyo.

Kisha Fundi aliomba karatasi moja zaidi. Bwana Hoja alitaka kuuliza ni ya nini. Mwenyekiti alimkata jicho. Fundi aliandika akiwa amesimama, akampa Katibu aangalie kama mwandiko unasomeka. Unasomeka. Kwa ruhusa yake unanukuliwa wote:

"Mwanangu, hata mimi naogopa. Njoo nyumbani. Baba."

Iliwekwa juu ya barua za wengine na bahasha ikafungwa.

KUMB. NA. 6/9: KUFUNGA
Wajumbe walitawanyika saa 11:05 jioni. Fundi alitangulia, kwenda kwa mkewe. Hakuna aliyemwonea wivu.

Mwenyekiti: ........................

Katibu: ........................