Gauni la Ukutani

Alhamisi. Kipaimara ni Jumapili.

Mikono iko wapi? Kwenye picha aliyonitumia muuzaji wa Guangzhou, magauni yalikuwa na mikono mirefu, na picha hiyohiyo ndiyo niliyowawekea wateja mtandaoni. Leo nimefungua mzigo: magauni meupe kumi na mawili, yote mabega wazi. Mchungaji wetu haruhusu mabega wazi madhabahuni.

Mama Neema alifika wa kwanza, katoka kijijini Kikwe. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Aliligeuza gauni, akalirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki taratibu. Kisha akaliona la binti yangu Doreen, linaning'inia ukutani, mikono mpaka viganjani.

"Na hili nalo limetoka China, Mama Doreen?"

Nililishonesha kwa fundi wa mtaa wa Sakina mwezi uliopita, kwa sababu sikutaka kubahatisha na mwanangu.

Neema na Doreen wanalingana. Nikalitungua, nikampa Mama Neema. Alilipokea bila asante, na sikustahili asante.

Kesho wanakuja kina mama wengine kumi na mmoja. Nawaogopa, lakini si kama ninavyomwogopa Doreen. Amerudi sasa hivi kutoka mazoezi ya kanisani, na anautazama msumari mtupu.