Nusu ya Ng'ombe

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Kanisa,
Brannock, Pennsylvania.
3 Novemba 2014

Mpendwa mdogo wangu Paulina,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. U hali gani huko Minot? Nyonga yako inaendeleaje na baridi ndiyo hiyo imeshaingia? Na shemeji Orville ameacha kupanda juu ya paa, au bado anajiona kijana? Jana nimewawashia mshumaa nyote wawili kanisani, baada ya ule wa Baba na Mama na ule wa marehemu Steve wangu. Sisi huku miili ni mizima, Mungu ashukuriwe. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Denise wangu na Wade wameachana, safari hii kwa karatasi ya mahakama. Hawakugombania watoto mbele ya jaji. Walikubaliana wenyewe mezani kwangu, kama watu wanaogawana vyombo: Corinne abaki na mama yake, Toby aende na baba yake Williston, huko huko kwenu Dakota, kwenye visima vya mafuta. Mama yake Wade ameshatangulia huko, na ndiye atakayemwangalia. Corinne ana miaka kumi, Toby saba. Hakuna aliyewauliza wao wanataka nini.

Wao waliomba jambo moja tu. Halowini hii watoke pamoja kuomba pipi, wakiwa ng'ombe mmoja, Corinne mbele na Toby nyuma. Wade akakubali. Mji ulikuwa umepanga Alhamisi jioni, na yeye safari yake ni Ijumaa alfajiri. Nilimshukuru, Paulina. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Mavazi ya dukani hatuyawezi, nawe unajua mshahara wa Denise pale nyumba ya wazee unaishia kwenye kodi. Basi nikafungua sanduku. Blanketi la jeshi la Steve likawa mwili. Lile shuka zito jeupe la Mama, lililochanika katikati, nikalikata mabaka. Kichwa ni boksi la viatu, masikio ni ndara zangu za zamani, mkia nimeufumua kutoka sweta la Denise la shuleni. Kiwele ni glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, nimeijaza soksi. Toby alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mzee Stofko wa jirani akachungulia dirishani akasema, "Huyo ana chuchu tano, Verona. Mwaka huu mtaa mzima hatununui maziwa."

Katikati nikaweka vifungo vya kubonyeza, ili Toby akibanwa na haja asimburute dada yake chooni. Na kwa kuwa mtoto yule anaogopa giza, na ndani ya blanketi ni giza tupu, nilishona vitanzi viwili kwenye mkanda wa Corinne ili mdogo mtu apate pa kushika. Niliwapima wakiwa wamevaa makoti, kama Mama alivyotupima sisi, na miguuni nikaacha pindo nene la kushusha mwakani. Mkono umezoea. Sikuwaza mwakani ya nani.

Jumanne na Jumatano walifanya mazoezi humu ukumbini. Corinne alijifunza kupiga hatua fupi fupi, maana akienda mwendo wake mdogo wake anajikwaa.

Jumatano hiyo jioni natoka kununua mkate, nikakuta kwenye ubao wa zimamoto pameandikwa kwamba mvua kubwa inakuja, na Halowini imeahirishwa mpaka Jumamosi. Unajua wanavyofanya. Wanaandika pale na neno limekwisha. Kwa watoto wengine ilikuwa kungoja kidogo tu. Nilisimama pale na mkate wangu mpaka mtu akaniuliza kama naumwa.

Nilikwenda kwa Bi Gresko, katibu wa halmashauri, ambaye ndiye mama wa ubatizo wa Denise. Alinisikiliza vizuri, akanitilia kahawa, akasema haiwezekani, kwa sababu mtoto akigongwa na gari kwenye mvua nani atamjibu mama yake? Hata mimi ningesema vivyo hivyo.

Nikamwendea Wade, alikuwa anafunga mizigo kwenye gari. Nikamwomba angoje mpaka Jumapili. Hakunikaripia. Aliinamisha kichwa akasema, "Mama, nisiporipoti Jumatatu nafasi yangu anapewa mwingine. Na hapa Brannock nimekwisha kubisha milango yote." Ni kweli, milango yenyewe imefungwa tangu kiwanda kilipozimwa.

Basi nikapiga simu majirani, nikawaomba Alhamisi wawashe taa za barazani na kuweka pipi kwa ajili ya watoto wawili tu. Zamani ningepiga simu mpaka sikio liume. Sasa nusu ya nyumba za mtaa huu hazina mtu wa kupokea. Waliokubali ni watatu.

Alhamisi mvua ilinyesha kama ilivyotabiriwa. King'ora cha zimamoto, kile kinachowaruhusu watoto kutoka, hakikulia, mtaa ulikuwa mweusi. Tulitoka, mimi nyuma yao na mwavuli. Kwa Mzee Stofko walifika. Alikuwa amekaa barazani na bakuli lake la chokoleti, amevaa koti la mvua, akawakaribisha akisema ng'ombe aliyemchungulia dirishani alikuwa mkavu kuliko huyu. Wakacheka. Ila blanketi la jeshi, mdogo wangu, linakunywa maji kama ngamia. Kabla ya nyumba ya pili vifungo vikaachia, nusu ya nyuma ikaanguka mpaka kwenye vifundo vya miguu ya Toby, na boksi la kichwa likalegea likamfunika Corinne macho. Toby alisimama kwenye mvua na koti lake, mikono bado imeshika vile vitanzi. Hakulia.

Corinne akasema, "Twende nyumbani, Toby. Ng'ombe amekufa."

Alfajiri Wade akakataa kuipakia ile nusu ya Toby. Ilikuwa inachuruzika maji na inanuka kama beberu. Sikumlaumu. Gari limeshawashwa, Toby akateremsha kioo akaniuliza, "Bibi, Jumamosi nani atakuwa nyuma?" Dada yake ndiye aliyemjibu, "Hakuna mtu." Wakaondoka.

Jumamosi mbingu ilikuwa safi, nyota zimejaa. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, nimetoka misani, king'ora kikalia saa kumi na mbili jioni. Nilidhani Corinne hatatoka. Alishuka ngazi amevaa nusu yake ya mbele, amekitengeneza kichwa kwa gundi. Nikamwambia alete niushone ule upande ulio wazi uwe kama gauni. Akakataa.

Watu wakafanya utani, ndivyo watu walivyo, hawakujua. Mlango wa kwanza jamaa akasema, "We ng'ombe, makalio umeyaacha wapi?" Corinne hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Yamehamia Dakota." Alijibu hivyo mlango hata mlango, na kila aliyeuliza alimtilia pipi maradufu. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake na tochi. Nikaona anapiga hatua fupi fupi, vile vile alivyojifunza, njia nzima, na vitanzi vinaning'inia mgongoni.

Ile nusu ya nyuma imekauka juu ya hita. Nilitaka kukutumia wewe pamoja na pipi za Toby, umfikishie. Pipi Corinne amezitoa zote, zimo kwenye kifurushi hiki. Nusu ya ng'ombe amenikatalia. Anasema ikibaki huku itambidi Toby aifuate. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba watoto hukua kuliko pindo.

Wanasema Krismasi ataletwa. Kaka yetu Emil naye alipokwenda Houston kutafuta kazi alisema Pasaka atakuwa nyumbani, na wewe na mimi tunajua alirudi ndani ya nini. Simu ya Wade tangu Ijumaa haipokelewi. Denise akirudi kazini analala na viatu, nikimsemesha anageukia ukutani. Nasali rozari kila siku, Paulina, mdomo unakwenda na moyo umekaa tu. Mungu yupo, sijasema hayupo. Ila njia ya jambo hili siioni, na sitaki kukudanganya kwamba naiona.

Msalimie sana shemeji Orville, na mwanao Kathleen na mumewe, na mjukuu wenu mchanga ambaye sijambeba bado. Mzee Stofko anakusalimu, anasema bado anakudai densi ya harusi yangu. Mama Maria awafunike kwa joho lake majira haya ya theluji, na Mungu aikumbuke nyumba yenu kila mnapofunga mlango.

Sasa nakuomba. Najua Williston si karibu na nyonga yako si ya safari. Lakini ukipata wa kukupeleka, mtafute Toby kwa bibi yake, mpe pipi zake, kisha mpime mguu kuanzia kiunoni hadi kisiginoni, akiwa amevaa koti. Nijibu upesi, uniandikie kipimo.

Dada yako anayekuwaza kila siku,
Verona